Waya wa Silva

Nyarugusu, Geita
11 Februari 2024

Dada Scolastika,

Shikamoo. Na shemeji naye mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku tuzima. Wifi yako Ghati anakusalimu, amepanda mpunga kwenye jaruba la bondeni, mvua imemkubalia, na sasa anatembea kifua mbele utadhani kachaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi mafua yalinishika mwezi wa kwanza yakaniachia. Loveness anaendeleaje na masomo ya uuguzi huko Kolandoto? Mwambie mjomba wake anamngoja amalize atuchome sindano bure.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Unajua siku hizi sishuki shimoni, duarani, wala sigusi karasha. Ile miaka ya kulisha mawe kwenye karasha yasagwe, injini ikikupigia kelele ubavuni kutwa, ilitosha. Sasa mimi ndiye sikio la kundi. Mwamvua, yule mama mfanyabiashara wa Katoro, amenunua detekta ya kutafutia dhahabu, ya kutoka Australia. Tunazunguka nayo vilimani, mimi nasikiliza, mwenzangu Mwita anachimba. Kila asubuhi kabla hatujatoka Mwamvua anampima msikilizaji: anatia chembe ya dhahabu kwenye kizibo cha soda, anakifukia, halafu unapita na mashine mpaka useme kilipo. Ukikosa, siku hiyo unashika sululu na hedifoni anapewa mwingine. Huo ndio utaratibu wake, na hauna undugu.

Hedifoni zenyewe ni za kifahari. Zinafunika sikio lote, zina mito laini kama ya kochi, ukizivaa jua unalisahau. Lakini sauti yake hafifu. Nimechunguza, nimeona tatizo ni waya. Ni ule wa kujiviringa kama wa simu za mezani za zamani. Unanasa kwenye miiba, unavuta shingo, na ukigusa shati unakwaruza mpaka sikioni. Kwa bahati unachomoka, kwa hiyo nakutumia uuone; kwa sasa tutasikilizia spika ya mashine. Kijana mmoja wa vifaa vya simu Katoro amenionyesha kwenye simu yake: wazungu wananunua hedifoni kwa bei ya ng'ombe, halafu wanautupa waya uliokuja nazo na kununua mwingine kwa bei ya ng'ombe wa pili, tena kwa ajili ya kusikiliza muziki wakiwa wamekaa kwenye viti. Kama wao wanabadilisha, sisi wenye kazi je?

Wewe ni fundi redio, soko zima la Kahama linakujua. Nitengenezee waya wa maana. Mwamvua anataka kutuhamishia kwenye kilima kipya mwezi wa saba, na msikilizaji wa huko atamchagua mwenyewe. Nikikosa hapo, narudi kwenye vumbi la karasha, na umri huu sitaliweza.

Usinipigie simu, mtandao wa huku mbovu, unakatakata. Andika tu, umpe kondakta pamoja na kifurushi.

Mdogo wako,
Onesmo


Kahama
25 Februari 2024

Onesmo mdogo wangu,

Marahaba. Mwangaluka na wewe, maana najua barua utaisomea asubuhi kwenye chai. Shemeji yako amezipokea salamu, anakohoa kidogo, anakataa dawa, kama kawaida yenu wanaume. Loveness yuko kwenye mazoezi wodini. Sindano ya bure utapata, ila mkono wake bado mzito.

Mama kule Mhunze hajambo, magoti tu. Ila ana neno na wewe. Anasema anakupigia kila Jumapili baada ya ibada na hupokei. Siku ukipokea unasema "Ndiyo mama, ndiyo mama," halafu unakata. Jumapili iliyopita amekuuliza kama amuuze yule ng'ombe mwekundu, wewe ukamjibu, "Sote tuzima, mama." Akanipigia mimi: "Nimemkosea nini Onesmo?" Mpigie.

Waya wako nimeupima. Nimefungua pini, nimeuweka kwenye mita, nimeukunja, nimeuvuta, nimeuunga na hedifoni yangu ya kazini nikasikiliza taarifa ya habari tangu mwanzo mpaka michezo. Ni mzima kuliko mimi. Pande zote mbili sawasawa. Nikuambie ukweli wa mezani kwangu: waya hauongezi sauti. Waya mbovu unapunguza, waya mzuri unapitisha kile ulichopewa, basi. Hao wanaonunua waya kwa bei ya ng'ombe, pesa ni zao na masikio ni yao, siwasemei.

Hata hivyo nimekutengenezea, kwa sababu hayo ya miiba na shingo ni kweli. Wa zamani nao nimekurudishia humo humo. Huu mpya haujaviringwa, umenyooka na ni mwepesi. Ndani ni shaba tupu. Nimekwangua kwa kisu kuhakikisha, maana siku hizi wanatuuzia alumini iliyopakwa shaba na watu wanashangaa kwa nini redio zao zinakoroma. Nimeuvisha soksi ya uzi ili usikwaruze kwenye shati. Pini imepakwa dhahabu. Usiikwangue.

Swali moja, na unijibu: hiyo sauti ni hafifu pande zote, au upande mmoja?

Dada yako,
Mama Loveness


Nyarugusu
19 Machi 2024

Dada Scolastika,

Shikamoo. Pole na shemeji kwa kikohozi. Huku mvua ni kubwa, barabara ya Katoro imekuwa tope tupu, basi lilikwama na kifurushi chako kikalala njiani. Mpunga wa Ghati umefika magotini. Yeye mwenyewe hajambo, ila siku hizi anadai mimi nikiongea napiga kelele. Mtu wa Tarime ananiambia mimi nina kelele! Nimecheka mpaka basi.

Waya ni mzuri, ahsante, wabeja sana. Haunasi, hauvuti, shati halisikiki kabisa. Mwita aliushika akauliza kama umetoka Dar es Salaam, nikamwambia umetoka kwa dada yangu, akanirudishia kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza tulipata vipande vitatu, vidogo lakini vizuri. Mwamvua alitabasamu, na huyo mama hatabasamu ovyo.

Kuna jambo dogo tu. Upande wa kushoto bado umelegea. Labda risasi ya kuchomelea ilikuishia ulipofika upande huo, au pasi ilikuwa haijashika moto. Si lawama, hata fundi mzuri huteleza. Ukiniambia jinsi ya kuifungua hiyo pini nitaitia mwenyewe.

Mama mwambie ni mtandao.

Mdogo wako,
Onesmo


Kahama
14 Aprili 2024

Onesmo,

Marahaba. Huku nako mvua imetupiga. Maji yaliingia dukani nikahamishia redio za watu juu ya kabati. Kikohozi cha shemeji yako kimeisha. Alikunywa dawa nilipomwambia ni asali. Loveness amefaulu mtihani wake na anaringa. Mama anasema pamba ya mwaka huu itakuwa nyingi akipata wa kumsaidia kuvuna, na anauliza kama utakuja. Hilo nalo utamjibu kwamba sote tuzima?

Risasi haikuniishia. Pasi ilikuwa na moto wa kutosha kumchoma anayesema vinginevyo. Nimechomelea waya tangu marehemu baba aniachie meza hii, na sijawahi kumtumia mtu upande mmoja.

Ungenitumia hedifoni zenyewe ningemaliza maneno, lakini najua Mwamvua hawezi kuziachia. Kwa hiyo fanya hivi, ni kazi ndogo. Washa mashine, weka chuma chochote chini yake ili ilie mfululizo. Vaa hedifoni kama siku zote, sikia upande wa kushoto ulivyolegea. Halafu zivue, uzigeuze: cha kushoto kiende sikio la kulia, cha kulia kije kushoto. Usikilize tena. Kama ule ulegevu umehamia kulia, ni waya wangu au ni hedifoni, na nitakuomba radhi kwa maandishi. Kama umebaki pale pale kushoto, basi, Onesmo, si waya.

Fanya, halafu uniambie ulichosikia. Usiniambie kingine.

Dada yako


Nyarugusu
2 Juni 2024

Dada Scolastika,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi, na kondakta ninayemwamini alihamishiwa njia ya Mwanza. Ghati ameshavuna. Amekuwekea mchele mpya wa Juni, utakuja na mzigo mwingine. Michembe ya viazi ya mama iliyokuja kwa mkono wa jirani tumeipata, tumeila yote kwa wiki moja kama watoto. Hongera kwa Loveness. Pamba sitaweza kwenda kuvuna, mama atanielewa.

Kuhusu lile la kugeuza: hedifoni hizi zimeandikwa kabisa ipi ya kushoto na ipi ya kulia. Mtengenezaji si mjinga. Ukizigeuza unaharibu mito.

Yule kijana wa Katoro amenieleza vizuri zaidi. Shaba ina kikomo chake. Waya unaofaa kwa sauti ndogo ni wa silva, yaani madini ya fedha yenyewe, unapitisha hata kile ambacho shaba inakiacha njiani. Nimekurudishia waya wako, uutoe shaba na kuutia silva, soksi na pini zibaki zile zile. Kwa sasa natumia ule wa zamani. Naomba ufanye haraka, dada. Mwezi wa saba umefika mlangoni, na asubuhi mbili hizi Mwamvua amekuwa akinitazama sana wakati wa kizibo.

Mdogo wako,
Onesmo


Kahama
16 Juni 2024

Onesmo,

Marahaba. Wote wazima. Mama anavuna na watoto wa jirani.

Waya uko ndani ya kifurushi. Soksi nimebadilisha, sasa ni nyeupe. Uusikilize vizuri kabla ya kunijibu, na unijibu kweli.

Dada yako


Nyarugusu
14 Julai 2024

Dada yangu mpendwa, fundi wa mafundi,

Shikamoo mara mbili! Ghati anakusalimu, mchele umo ndani ya mfuko wa bluu, ule mwekundu ni wa mama. Jua la huku sasa ni kali, usiku baridi. Sote tuzima.

Dada, huo waya wa silva ni mwisho wa maneno. Nilipouchomeka sauti iliingia safi, nikasimama tu pale shambani nacheka peke yangu. Hata kushoto! Nilikuambia kwamba shaba ina kikomo, na wewe ulisema waya hauongezi sauti. Asubuhi ya pili nilikisema kizibo kabla Mwamvua hajamaliza kufunga kanga yake. Wiki iliyofuata akatangaza mbele ya wote: msikilizaji wa kilimani ni Onesmo. Tumeshahamia. Ni mahali penye watu wengi, maduara kila upande, baruti zinapigwa kutwa, lakini ardhi yake ina kitu.

Nina mikwaruzo kidogo mgongoni, niliteleza kwenye kifusi. Imeshakauka. Nakuandikia ujue tu kwamba umeniokoa.

Mdogo wako,
Onesmo


Kahama
28 Julai 2024

Onesmo,

Marahaba. Salamu nyingine leo sina, nitazileta nikishatulia.

Ghati amenipigia. Usimgombeze, ukimgombeza nitapanda basi nije mwenyewe. Mikwaruzo yako haikutoka kwenye kuteleza. Jirani zenu walikuwa wanalipua duara lao. Filimbi imelia, watu wamepiga kelele "Moto! Moto!", kila mtu amekimbilia nyuma ya kifusi, wewe umebaki umesimama umewapa mgongo, hedifoni shingoni, unakung'uta vumbi kwenye waya wangu. Mwita ndiye aliyerudi kukuvuta kwa mkanda wa suruali, na mawe yakawakuta mkiwa njiani. Mwita ameumia mkono. Hilo hukuliandika.

Na mtandao wa Nyarugusu? Ghati ameongea nami mpaka chakula changu kikapoa na hatujakatika hata mara moja. Anasema simu ikilia unampa yeye, au unaiacha ilie. Anasema ukilalia sikio la kulia anaweza kukuita kwa jina lako lote na la ukoo usigeuke.

Sasa na mimi nikwambie langu. Waya wa silva haupo. Sikubadilisha hata uzi mmoja wa shaba. Ni ule ule wa mwezi wa pili, uliosema umelegea kushoto. Nimeuvua soksi nyeusi nikauvisha nyeupe, basi. Nilitaka kukukamata, nimekukamata, na sijafurahi hata kidogo, kwa sababu kama nisingeutuma usingekuwa kwenye kilima hicho. Nimelia, Onesmo. Nimelia dukani mbele ya mteja aliyeleta sabufa, akaniuliza kama ni kwa sababu ya bei.

Nilijua tangu uliponiandikia kuhusu kushoto. Ndio upande uliokuwa ukiupa injini ya karasha miaka yote ile. Ningesema wazi siku ile ile. Lakini ukiambiwa jambo waziwazi unanuna, nikaona nikuzungukie. Sikio si waya. Likikatika mimi sina risasi ya kulichomelea, na sitakaa hapa kukuvisha soksi za rangi mpaka jiwe likupate kichwani.

Ondoka kilimani. Njoo Kolandoto upimwe. Na huo mtihani wa kugeuza, ufanye leo.

Scolastika


Kahama
25 Agosti 2024

Onesmo,

Hujajibu. Ghati anasema uko hai na una hasira. Hasira nazikubali, ziendelee. Mbali na baruti tu.

Dada yako


Nyarugusu
8 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Ghati hajambo. Mkono wa Mwita umepona, vidole vyote vinakunjika. Shemeji nisalimie.

Barua yako niliisoma nikaikunja na kuitia mfukoni, nikakasirika hadi chakula kikanikataa. Nilikuona umenifanya kichekesho. Nilifikiri jinsi ulivyokaa mezani kwako ukishona hiyo soksi nyeupe huku unacheka. Ghati aliniambia hukucheka, nikamwambia hajui ukoo wetu.

Halafu nataka ujue jambo moja, si kwa kubishana. Nilisikia kweli. Sikukudanganya kwenye ile barua. Nilipouchomeka nikijua ni silva nilisikia, siku kadhaa mfululizo. Nadhani nilikuwa nasikiliza kwa sikio la kulia kwa nguvu zangu zote, nikaligawia na la kushoto sifa. Kabla ya hapo sikuwa nakisikia kizibo vizuri asubuhi. Mwita alikuwa akijua. Alikuwa anasimama pembeni ameegemea jembe, na jembe linaelekea kilipo kizibo. Sikumwomba. Alianza tu mwenyewe, tangu mwezi wa kumi na mbili, na hatukuwahi kulizungumza. Ulipoleta waya mweupe nikamwambia, "Sasa simama wima, Mwita, sina shida tena." Akasimama wima. Nikakipata kizibo. Unaona mambo yalivyokuwa.

Jumapili iliyopita Ghati alikwenda kanisani. Nikakaa mlangoni, nikawasha detekta, nikaweka sufuria chini yake ikawa inalia. Nikavaa hedifoni kama zilivyoandikwa. Kushoto, sauti ya mbali, kama mtu anaita ng'ambo ya mto. Nikazigeuza. Kushoto pale pale. Nikazigeuza tena, na tena, sijui mara ngapi, nikitafuta ile mara moja ambayo ulegevu utahamia kulia. Haukuhama. Ghati aliporudi alinikuta bado naziweka na kuzivua. Alizima mashine, akakaa karibu yangu.

Dada, niliogopa. Huku mtu asiyesikia hakai karibu na duara. Si dharau, ni utaratibu; mtu huyo ataua wenzake. Wanampa kazi ya kufagia au wanamwambia arudi kwao. Nimeona wazee wa karasha wanavyopigiwa kelele na watoto, wao wanatabasamu tu na kuitikia kwa kichwa. Nikasema mimi hapana. Afadhali iwe waya.

Jumatatu nilikwenda kwa Mwamvua kabla ya kizibo nikamwambia yote, isipokuwa lile la jembe la Mwita. Nafikiri alilijua. Hakunigombeza. Alizichukua hedifoni, akazifuta mito kwa ncha ya kanga, akamvalisha Mwita. Kilimani sirudi. Amesema nikae na Mwita mwezi huu, huku chini kwenye mashamba, nimfundishe kutofautisha mlio wa msumari na mlio wa mali, kwa sababu hilo liko kichwani kwangu na siyo sikioni. Baada ya hapo tutaona. Hakuahidi, na mimi sikuomba.

Mama usimwambie.

Onesmo


Kahama
15 Septemba 2024

Onesmo mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena. Shemeji yako amesomewa barua yako, akatoka nje kwenda kutazama kuku ambao hatuna.

Nisamehe kwa soksi nyeupe. Nilikutega kama panya wakati ulikuwa unaogopa. Sikucheka.

Loveness ameulizia, daktari wa masikio yupo Kolandoto Jumanne na Alhamisi. Shuka stendi ya Kahama, nitakusindikiza. Umwambie Mwita ahsante kwa kukuvuta mkanda. Mkanda mpya nimeuweka kwenye kifurushi, ule nasikia ulikatika.

Mama sitamwambia, hapo nimekutii. Utamwambia wewe. Anaamini umemkasirikia kwa ajili ya ng'ombe mwekundu, kwamba ulitaka abaki kwa ajili yako. Amekataa kumuuza mpaka leo, na hela ya magoti yake hana. Ukitoka kwa daktari utaendelea mpaka Mhunze, usirudi Geita kwanza. Safari hiyo sitakusindikiza.

Dada yako,
Mama Loveness


Mhunze, Kishapu
6 Oktoba 2024

Dada Scolastika,

Shikamoo. Nilifika salama. Huku kumekauka, mabwawa yameonyesha matope, ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji. Mama hajambo, magoti yanamsumbua asubuhi, jioni anatembea. Anakusalimu na anasema dawa ya kuchua uliyomtumia inanuka lakini inafaa.

Ya daktari unayajua, ulikuwepo. La kushoto ndiyo basi. La kulia nalo limepungua, ila lipo, na nilitunze, nisilipeleke tena kwenye injini wala baruti. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nimelifunika kwa kiganja, abiria wakadhani jino linaniuma. Ghati ametuma ujumbe kwamba Mwita amekipata kizibo wiki nzima bila msaada, na Mwamvua ameuliza nitarudi lini. Sijui kama ni kwa kazi au kwa salamu. Nitarudi nisikie mwenyewe.

Mama nilimkuta uani anachambua choroko. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia kabla sijapewa hata maji: mama, sikio langu moja limekufa, ndiyo maana nilikuwa nakukatia simu, si ng'ombe. Nafikiri alidhani ni kisingizio kingine. Akanyanyuka na magoti yake, akanizunguka upande wa kushoto, akainama karibu. Nikahisi pumzi yake shingoni. Alisema neno. Sijui alisema nini, dada. Aliporudi mbele yangu uso ulikuwa umembadilika, na nilipomuuliza amesema nini alitikisa kichwa, akakataa. Mpaka leo hajaniambia.

Akachukua kigoda chake akakiweka upande wangu wa kulia. Akaanza kuongea. Aliniambia za ng'ombe, za pamba, za jirani aliyehamia Maswa, na za hizo Jumapili zote, jinsi alivyokuwa anatoka kanisani anakwenda kusimama kwenye kichuguu ili mtandao umpate vizuri. Nyingi nilizisikia. Ila anaongea chini siku hizi, meno yamepungua, na upepo ulikuwa unavuma uani, kwa hiyo kuna mahali maneno yalipotea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie "Ndiyo mama."

Nikamwambia, "Mama, hapo sijakusikia. Rudia."

Akarudia.

Mdogo wako,
Onesmo